Maandiko ya Askofu Lucas Yarudi Masasi

Kila mwaka shule zinapofungwa mwezi Juni na mwezi Desemba, ngoma huanza kusikika Newala na Masasi. Watoto huingizwa jandoni na unyagoni, wazazi hukusanya chakula cha karamu, na ndugu walioko Dar es Salaam hupanda mabasi kurudi nyumbani. Kila mwaka pia mjadala ule ule hufufuka. Madiwani husema mila zinawapotezea watoto masomo. Walimu hulalamika kwamba mtoto aliyetoka unyagoni hujiona mtu mzima, hataki tena kuketi darasani. Wazee hujibu kwamba asiyefundwa hana adabu, na kwamba shule haikupata kumfunza mtu utu. Mashehe na mapadre nao hutoa yao. Hatimaye kikao huvunjika, na mwaka unaofuata wote hukutana tena na kuanzia mwanzo, kana kwamba jambo hili halijapata kujadiliwa na mtu yeyote duniani.

Ukweli ni kwamba limekwisha kujadiliwa, tena kwa maandishi, na waliolijadili waliishi hapa hapa Masasi karibu miaka mia moja iliyopita. Mmoja wao ni William Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi ya Kanisa la Kianglikana, aliyeshika wadhifa huo tangu mwaka 1926 hadi mwaka 1944. Mwaka 1927 Askofu huyo alichapisha katika jarida moja la kimataifa la kazi za misheni makala juu ya elimu iliyomo ndani ya jando na unyago. Mwaka uliofuata, 1928, aliandika sura katika kitabu cha wanateolojia wenzake, akieleza jinsi Mkristo apaswavyo kuzikabili mila zisizo za Kikristo. Wasomi wa theolojia katika vyuo vya Ulaya na Marekani huyataja maandiko hayo hata leo. Lakini tujiulize: ni madiwani wangapi, walimu wangapi na makungwi wangapi wa wilaya zetu waliopata kuyashika mkononi?

Kwa sababu hiyo tunatoa rai katika ukurasa huu. Ijengwe maktaba ya kidijiti ya maandiko ya Askofu Lucas, pamoja na ya mapadre wenyeji waliofanya naye kazi. Ijengwe Masasi, izungumze Kiswahili, na mlango wake uwe wazi kwa kila mwananchi bila kuulizwa dini yake.

Ni vema kwanza tueleze kwa ufupi alilolisema mtu huyu, ili msomaji apate kupima kama linastahili jasho letu.

Wamisionari wengi wa zama zile waliliona jando kuwa ni kazi ya shetani, wakalipiga marufuku. Matokeo yake yalikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Mvulana wa Kikristo asiyepita jandoni alidharauliwa na wenziwe, hakuhesabiwa kuwa mtu kamili, na kumpata mchumba kulikuwa shida. Basi vijana walikwenda kwa siri, ama katika jando la jadi, ama katika lile lililokwisha kupata sura ya Kiislamu, kisha wakarudi kanisani na kunyamaza. Lucas, akiwa bado padre wa kawaida Masasi, alikataa njia ya marufuku. Alisema kwamba mila hizi zimebeba elimu: zinamfundisha mtoto kuvumilia, kuheshimu wakubwa, kuijua kazi yake katika ukoo na kuwakumbuka waliotangulia. Anayeing'oa mila hiyo pasipo kuweka kitu mahali pake humwacha kijana mtupu. Kwa hiyo tangu miaka ya 1910 likaanzishwa jando la Kikristo, ambamo mambo yaliyoonekana mema yalibakizwa, yaliyoonekana mabaya yakaondolewa, na sala ikawekwa mahali pa matambiko. Baadaye jaribio kama hilo likafanywa kwa wasichana, nalo likawa gumu zaidi na kuzusha ubishi mkubwa ndani ya Kanisa lenyewe.

Hatusemi kwamba Askofu huyu alikuwa sahihi katika kila jambo. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni. Alijipa yeye na Kanisa lake mamlaka ya kuamua lipi katika mila zetu ni safi na lipi ni chafu, na lugha yake nyakati nyingine ni lugha ya mtu asemaye kutoka juu. Msomaji wa leo hana budi kumsoma huku akichuja. Lakini ili kuchuja ni lazima kwanza kuwe na nafaka ndani ya ungo. Sisi tumeachiwa ungo mtupu, na nafaka imewekwa mbali.

Iko wapi basi? Misheni iliyomleta Lucas, ile ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliungana na chama kingine cha misheni cha Kiingereza mwaka 1965. Majalada yake, yaani barua, taarifa, kumbukumbu na majarida, yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, nchini Uingereza, kwenye Maktaba ya Bodleian. Yanatunzwa vizuri, na hatuna neno baya la kuwaambia watunzaji wake. Mtu yeyote mwenye haja anaruhusiwa kuyasoma, mradi afike. Lakini neno hilo "afike" lina uzito wake. Kwa mwalimu wa Mnyambe kufika Oxford maana yake ni pasipoti, viza, nauli ya ndege na malazi. Ni mlango ulio wazi mbele ya mtu asiye na miguu.

Wananchi wa uwanda wa Makonde wanalielewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wameliishi katika maji. Juu ya uwanda wetu udongo ni mwema na hewa ni nzuri, lakini maji yako bondeni. Kwa miaka mingi mama zetu walishuka na vibuyu alfajiri na kupanda jua likiwa kali, na aliyekuwa mgonjwa au mzee alibaki na kiu. Hakuna aliyesema maji hayapo. Yalikuwapo, lakini yalikuwa mbali na midomo. Tangu miaka ya 1950 ulipoanza mradi wa maji wa Makonde, jitihada yote imekuwa ni kuyapandisha maji yamfuate mtu huko aliko, na hadi leo kazi hiyo haijamwisha kila mtu kiu. Elimu inayotuhusu nayo iko bondeni, tena katika bonde la ng'ambo ya bahari. Kazi iliyo mbele yetu ni kuweka bomba.

Wako watakaosema kwamba bora karatasi zikae huko huko, kwani hapa zingekwisha kuteketea. Hoja hiyo ina ukweli wa historia, nasi hatutaki kuuficha. Kituo cha misheni cha Masasi, kilichoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere pamoja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, kilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882 kikavunjwa, na kazi ikahamia Newala kwa muda. Mwezi Agosti mwaka 1905 Vita ya Maji Maji ilipofika kusini, Masasi ikachomwa moto tena. Misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao nazo zikateketea, ndipo watawa hao wakajenga upya Ndanda mwaka 1906. Sisi tunaiheshimu Maji Maji kuwa vita ya wananchi dhidi ya dhuluma ya Mjerumani. Pamoja na heshima hiyo tunakiri kwamba moto hauchagui: uliounguza bendera ya mkoloni uliunguza pia madaftari yaliyokuwa na majina ya babu zetu.

Tena si moto peke yake. Mchwa, panya na mvua ya masika hufanya kazi ile ile pole pole. Sisi wa Chama hatuna budi kujikosoa hadharani katika jambo hili. Tumewahi kufungua kabati katika ofisi moja ya tawi, tukitafuta kumbukumbu za mikutano ya miaka ya sabini, tukakuta udongo wa mchwa uliosimama kwa umbo la mafaili. Mali bila daftari hupotea bila habari, wamesema wahenga. Na daftari likiliwa, hata habari ya kupotea kwake haipo.

Lakini hoja ya karatasi ilikuwa na nguvu zamani. Leo nguvu hiyo imepungua, na hapa ndipo maktaba ya kidijiti inapoingia. Si jumba la matofali. Ni mkusanyiko wa picha na maandishi yaliyowekwa ndani ya kompyuta. Kila ukurasa hupigwa picha kwa mashine ya skana, kwa ukali usiopungua nukta 300 kwa kila inchi, ili herufi ndogo zisomeke. Picha asili huhifadhiwa kama zilivyo, bila kubanwa. Nakala nyepesi hutengenezwa kwa ajili ya msomaji mwenye simu. Kisha programu huyageuza maandishi ya picha kuwa maandishi yanayotafutika, hata mtu akiandika neno "jando" aletewe kila ukurasa lilipotajwa. Programu hizo hukosea sana zinapokutana na majina ya Kiyao, Kimakua na Kimakonde, kwa hiyo ni lazima pawe na watu wanaozijua lugha hizo wa kusahihisha. Mwisho hutengenezwa orodha, na nakala tatu huwekwa mahali patatu mbalimbali, ili moja ikiungua mbili zisalie. Baada ya hapo Oxford inabaki na karatasi yake, Masasi inapata maandiko yake, wala hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Sheria nayo haituzuii kwa vitabu vilivyokwisha kuchapishwa. Lucas alifariki mwaka 1945. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake; sheria ya Uingereza huhesabu miaka 70. Kwa hesabu zote mbili muda huo umekwisha. Barua na hati ambazo hazikupata kuchapishwa zina masharti magumu zaidi, na kwa hizo itabidi Dayosisi iandike kuomba ruhusa. Kuomba si fedheha.

Kadhalika hatutakuwa wa kwanza kufanya kazi ya namna hii. Mradi uitwao Project Canterbury, ulioanza mwaka 1999, umekwisha kuweka katika intaneti maandiko mengi ya kale ya Waanglikana, yakiwamo ya misheni iliyofanya kazi katika nchi yetu. Tunawashukuru. Lakini yaliyomo ni ya Kiingereza, yamepangwa kwa ajili ya msomaji wa huko, na mwananchi wa kijijini hana habari kwamba yapo. Ni habari ya korosho zetu tena. Sisi huchuma, hukausha na kujaza magunia. Korosho ghafi hupakiwa melini kwenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, hufungwa katika pakiti nzuri na kuuzwa kwa bei ambayo mkulima wa Newala hawezi kuinunua. Hata maarifa ya jando yalisafirishwa ghafi. Wazee wetu waliyatoa midomoni mwao, askofu akayaandika kwa Kiingereza, maprofesa wakayabangua, na kiwanda hakikujengwa Masasi.

Mfano mmoja unatosha. Profesa Terence Ranger, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sitini, aliandika makala ndefu juu ya jando la Kikristo la Masasi. Ilitoka mwaka 1972 katika kitabu alichokihariri pamoja na Profesa Isaria Kimambo, Mtanzania mwenzetu. Makala hiyo ilionyesha jambo kubwa: kwamba kazi inayoitwa ya Lucas ilitegemea sana mapadre Waafrika, kama Padre Kolumba Msigala, ambao wenyewe walikuwa wamepita jandoni na kuyajua ya ndani. Askofu alikuwa na kalamu. Wao walikuwa na elimu. Msigala aliacha kumbukumbu zake, nazo zimo katika majalada yale yale ya misheni. Vijana wetu wa sekondari hujifunza majina ya wapelelezi wa Kizungu waliopita Ruvuma, lakini jina la Msigala hawajapata kulisikia.

Ndiyo maana tumesema tangu mwanzo kwamba maktaba hii isiwe ya mtu mmoja. Maandiko ya Lucas yawe mhimili, na kandokando yake wawekwe wenziwe. Awekwe Padre Msigala. Awekwe Padre Cecil Majaliwa, Myao aliyepewa upadre mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika katika misheni ile, akachunga kanisa la Chitangali kwa miaka kadhaa bila Mzungu wa kumsimamia. Awekwe Padre Yohanna Abdallah wa Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, aliyeandika kwa Kiyao historia ya kabila lake, kitabu "Chiikala cha Wayao", kilichochapishwa mwaka 1919. Maktaba itakayobeba jina la askofu na kuwaacha hawa itakuwa imerudia kosa la zamani kwa mashine mpya.

Sasa tunageukia maswali tunayojua kwamba yataulizwa, na baadhi tumekwisha kuulizwa.

La kwanza latoka kwa ndugu zetu Waislamu, na ni haki yao kuliuliza: kwa nini tujishughulishe na maandiko ya padre? Sisi tunaoandika haya tulianza elimu kwenye mkeka wa chuo cha Kurani kabla ya kuketi kwenye dawati la shule ya Serikali, na jando letu halikuwa la Askofu. Kwa hiyo tunajibu kama watu wa nyumbani. Mwaka 1923 padre mmoja wa misheni hii hii, Godfrey Dale, alichapisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili. Masheikh hawakuridhika nayo, na walikuwa na sababu. Lakini hawakuishia kununa. Kazi ya kutafsiri iliendelea kwa mikono mingine, hata mwaka 1969 Sheikh Abdulla Saleh Farsy akakamilisha tafsiri yake, ambayo leo imo katika nyumba za Waislamu kote Afrika Mashariki. Anayetaka kumjibu mtu hana budi kwanza kumsoma. Zaidi ya hayo, jando analolieleza Lucas ni la babu zetu sote, kabla hatujagawanyika kati ya msikiti na kanisa. Mkutubi hamwulizi msomaji aelekea kibla gani.

Tena Waislamu wenyewe wamekwisha kuionja faida ya kazi hii. Hati za kale za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, nyingi zikiwa za Kiarabu zilizoandikwa kwa mkono, zimepigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Misahafu na vitabu vya fikihi vya Lamu vilibaki Lamu, na picha zake sasa husomwa popote. Tunatamani siku moja vitabu vya masheikh wa Lindi, Mikindani na Newala navyo vifanyiwe hivyo. Njia ikifunguliwa kwa mmoja imefunguliwa kwa wote.

Swali la pili ni zito kuliko yote, na linatoka kwa wazee. Je, yale ya jandoni, ambayo mtu huapishwa asiyatoe nje, yawekwe katika simu ya kila mtoto? Hapa hatutaki kujibu kwa wepesi. Yako maneno ambayo sisi wenyewe hatuyaandiki katika ukurasa huu, ijapokuwa tunayajua. Mambo ya unyago wa wasichana hayapaswi kuchezewa na wavulana wa vijiweni, wala ya wavulana yasiwe kichekesho cha mtandaoni.

Hata hivyo yafaa wazee wetu waelewe hali ilivyo. Baadhi ya mambo hayo yamekwisha kuandikwa, yakachapishwa London, yakasomwa na wageni kwa karibu miaka mia. Mgeni anaweza kuagiza kitabu na kusoma. Kijana wa Masasi hawezi. Siri ya namna hiyo imemfungia nje mwenye nyumba na kumwacha ndani mpita njia. Jawabu basi si kuacha kuyarudisha maandiko. Jawabu ni kuyarudisha pamoja na ufunguo, na ufunguo ukabidhiwe anayestahili.

Jambo hilo linawezekana. Huko Australia wenyeji wa asili wa kabila la Warumungu, katika mji wa Tennant Creek, walikabiliwa na tatizo hili hili pale picha na maandishi juu ya mambo yao matakatifu yalipoanza kurudishwa kutoka majumba ya makumbusho. Wakishirikiana na wasomi, walitengeneza programu iitwayo Mukurtu, neno lao lenye maana ya mfuko wa kutunzia vitu vitakatifu. Katika programu hiyo kila faili huwekewa masharti kwa mujibu wa mila: hili ni la wote, hili ni la wanawake tu, hili ni la wazee tu. Wananchi wa nchi nyingine nao wanaitumia. Basi liundwe baraza la manyakanga, wangariba na wazee wa dini zote, lipitie ukurasa kwa ukurasa, na liseme lipi liwe wazi na lipi lifungwe. Isipofanyika hivyo, sisi tutakuwa wa kwanza kuupinga mradi huu tunaoupendekeza leo.

Swali la tatu ni la umaskini. Watu wataka dawa, maji, barabara na bei nzuri ya korosho. Kompyuta za nini? Tunajibu kwamba hatuombi chumba cha mgonjwa kigeuzwe maktaba. Kazi hii haina gharama ya jengo. Inataka skana, kompyuta chache, vijana waliofunzwa, na nidhamu ya kuifanya kila siku. Hata intaneti, ambayo vijijini mwetu huja na kuondoka kama mvua ya vuli, si sharti la lazima. Vipo vifaa vidogo vyenye ukubwa wa kitabu, vinavyohifadhi maelfu ya kurasa na kuzisambaza kwa simu zilizo karibu pasipo intaneti yoyote. Kimoja kikiwekwa shuleni Chidya, kimoja Ndanda, kimoja Newala mjini na kimoja Mnyambe, mwanafunzi atasoma chini ya mwembe bila kununua bando.

Tena tukumbuke kwamba Taifa hili halikungoja litajirike ndipo lisome. Tanganyika ilipata sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, Uhuru ukiwa mchanga, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka ule ule wa 1967 lilitolewa Azimio la Arusha na kuandikwa Elimu ya Kujitegemea. Waasisi wetu hawakuona ubishi kati ya jembe na kitabu. Mzee Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa Masasi, alipita katika shule ya wamisionari Ndanda akafika Ikulu, na kabla ya kufariki mwaka 2020 alikwisha kuandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2019. Alijua kwamba usipoiandika habari yako, utaandikiwa.

Basi nani afanye nini? Dayosisi za Masasi na Newala ndizo warithi halali wa Askofu Lucas, na ndizo zenye sauti ya kuandika Oxford kuomba nakala za picha. Zianze pia kwa kukagua makabati ya Mtandi na ya mitaa ya kale, kwani huenda humo kuna daftari linalongoja mkono wa kuliokoa kabla ya mchwa. Halmashauri zetu zitenge chumba kimoja chenye umeme na kufuli. Bodi ya Huduma za Maktaba itoe wataalamu wa kupanga orodha. Walimu wa Kiswahili waifanye tafsiri kuwa kazi yao ya heshima, maana maktaba ya Kiingereza kijijini ni sawa na kisima kisicho na kamba. Na sisi wa Chama, ambao tuna mabalozi hadi nyumba kumi, tuwaeleze wananchi kabla uvumi haujawaeleza.

Wafadhili wa nje wakija tuwapokee kwa shukrani, lakini mashine kuu na nywila zikae Masasi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Miradi mingi ya mitandao imekufa siku mfadhili alipoacha kulipia, na kila kilichokuwa ndani kikapotea usiku mmoja. Nakala ya mtandao wa nje iwe ya pili. Ya kwanza iwe yetu.

Turudi tulikoanza. Juni itafika, ngoma zitalia, na madiwani wataketi tena. Tunataka siku hiyo diwani asimame na kusema: Askofu aliandika hivi mwaka 1927, Padre Msigala aliona vile, makungwi wa wakati huo walikataa jambo fulani kwa sababu fulani. Huenda wote hao walikosea. Huenda njia ya leo, ya kuyapeleka mafunzo likizoni na kumrudisha kila msichana darasani, ni bora kuliko zote walizozijaribu. Lakini tutakuwa tumeamua huku tukijua, na mtoto anayetolewa jandoni anastahili wakubwa wanaojua wanachokifanya.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wa Dayosisi na wa Halmashauri wakutane kabla ya msimu ujao wa jando, wateue baraza la wazee, na waandike ile barua ya kwanza ya kwenda Oxford.